Sahani za Dirishani

Ujumbe wa Odhiambo uliingia nikiwa kazini, na ulikuwa mfupi kama kawaida yake: "Prof anastaafu. Jumamosi, pale lab. Kuja na njaa." Nikausoma, nikausoma tena. Mtu mwingine angejibu kwamba atakuja, kisha aendelee na shughuli zake. Mimi nilianza kujiuliza kwa nini sherehe iwe kwenye maabara na si hotelini, kama nimealikwa na Prof mwenyewe au ni Odhiambo tu amenikumbuka, na kama nitaingia mle kama mgeni au kama mtu wa nyumbani. Niliandika jibu nikalifuta, nikaandika jingine nalo nikalifuta. Mwishowe nilituma neno moja, "Nakuja," halafu nikashinda mchana kutwa nikihofia kwamba limesikika kama neno la mtu aliyekasirika. Ndivyo nilivyo hata leo, na nilikuwa hivyo zaidi mwaka ule nilipoanza uzamili, nikiwa nimetoka tu kuvua joho la digrii ya kwanza. Tofauti ni kwamba siku hizi sijionei aibu. Kazi ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kufanya ilitokana na kuwaza kupita kiasi, na ilifanyika katika chumba kile kile ambamo Prof alikuwa anatuaga.

Zamani chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mbegu ya chuo, nje kidogo ya mji wa Nakuru, barabara ya kuelekea Njoro. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Upande mmoja kulikuwa na dirisha refu lililotazama mlima wa Menengai, na chini yake rafu ya mbao iliyokuwa baridi mwaka mzima, kwa sababu kioo kimoja kilikuwa na ufa na upepo ulipita hapo. Upande wa pili lilisimama kabati la joto, inkubeta, ambalo ndilo lililokuwa moyo wa kazi yetu yote. Humo tulikuza hamira kwenye sahani ndogo za plastiki, na kila ulipofungua mlango ulipigwa na harufu ya mkate ambao haujaokwa. Chumba cha chai kilitenganishwa nasi kwa plaiwudi tu. Na juu ya inkubeta, kwa mwandiko mkubwa wa Daktari Jerono, msimamizi wetu, ambaye wakati huo hakuwa bado profesa, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi: STIMA IKIPOTEA, TUPA ZOTE.

Amri hiyo ilikuwa na maana yake. Stima ikipotea, inkubeta hupoa, na hamira iliyopoa hukua vingine. Ukichanganya sahani zilizopoa na zile ambazo hazikupoa, hujui tena unapima nini. Jenereta ya jengo letu ilikuwa imekufa kabla sijafika, na kila mtu aliongea juu yake kama anavyoongea juu ya marehemu, kwa heshima na bila matumaini. Kwa hiyo kila stima ilipopotea kwa muda mrefu, asubuhi yake tulipanga foleni kwenye pipa la taka na kutupa kazi ya wiki nzima. Odhiambo, aliyekuwa akisomea uzamifu na aliyetutangulia sote pale, aliita shughuli hiyo mazishi. "Haya, wafiwa mbele," alikuwa akisema, na kofia anavua kabisa.

Nilikuwa nimepanga chumba Kiamunyi, kwenye ploti ya mama mmoja aliyeitwa Mama Nekesa, binti wa mfanyakazi wa reli aliyekuja Nakuru kutoka magharibi na hakurudi. Jumapili alinipa githeri na parachichi jikoni kwake, na bei ya githeri hiyo ilikuwa maswali.

"Sasa Muthoni, hebu nieleze tena. Umesoma hadi chuo kikuu, ndio ukuje kuangalia hamira?"

"Ndiyo, mathe."

"Hii ya mandazi?"

"Hiyo hiyo. Ni kiumbe hai. Seli zake zinafanana na zetu kwa mambo mengi."

"Wewe ongea pole pole. Mimi niliachia darasa la saba."

Nikamweleza vile ninavyoeleza hadi leo. Ndani ya seli kuna DNA, ambayo hutunza maagizo. Seli ikitaka kutengeneza protini, hunakili agizo moja kwenye RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa kazini. Lakini ziko RNA nyingine ambazo hazibebi agizo la protini yoyote. Seli inazitengeneza, zinazunguka mle ndani, na hakuna protini inayotokea. Baadhi yake zinajulikana kwamba zina kazi kubwa. Nyingine hakuna anayejua. Mimi nilikuwa nimepewa moja katika hizo, iliyokaa katikati ya jeni mbili zinazofahamika vizuri, nione kama ina kazi yoyote.

Mama Nekesa alinikatia kipande cha parachichi. "Ni kama huyu mpangaji wangu wa nyuma. Anatoka asubuhi, anaingia jioni, anasema 'sasa mathe' anafunga mlango. Hakuna mtu kwa hii ploti anajua anafanya nini."

"Na hujawahi kumuuliza?"

"Nimuulize nini na hanisumbui?"

Kesho yake nilipeleka jina hilo kwenye maabara, na RNA yangu ikaitwa Mpangaji tangu siku hiyo. Nilikuja kujuta kidogo, maana nilikuwa nimempa Odhiambo silaha.

Njia ya kujua kazi ya kitu kama hicho ni kukiondoa, halafu uangalie ni nini kitaharibika. Nilitumia miezi ya kwanza kutengeneza hamira isiyo na Mpangaji. Kisha nikaipanda kwenye sahani pamoja na hamira ya kawaida: safu ya juu matone ya ile ya kawaida, safu ya chini ya ile isiyo na Mpangaji, kila tone jepesi kuliko lililotangulia, ili ionekane wazi ni ipi inakua kwa nguvu. Nikaweka kwenye joto. Nikatoa. Safu ya juu na ya chini zilifanana kama mapacha. Nikabadilisha sukari, zikafanana. Nikaongeza chumvi, zikafanana. Wenzangu walianza kuwa na picha za kuonyesha kwenye kikao cha Jumatano, na mimi kila Jumatano nilisimama na kuonyesha sahani mbili zisizo na tofauti.

"Niaje, Muthoni," Odhiambo aliniuliza kila asubuhi akichovya mandazi kwenye chai. "Mpangaji amelipa?"

"Bado."

"Si umfungie mlango na kufuli, manze."

Nilicheka pamoja naye, kisha nikarudi kwenye kiti changu nikaanza kuwaza kama ni utani au ni ujumbe.

Mwezi wa saba, baridi ya Nakuru ikiwa imeshika na ukungu haujainuka Menengai, niliingia chumba cha chai kuchukua kikombe changu nikasikia sauti ya Daktari Jerono upande wa pili wa plaiwudi. Alikuwa akiongea na Odhiambo. "Muhula huu ukiisha bila kitu, nitamhamisha. Kuna ile kazi ya unga wa mtama uliochachushwa, hapo angalau atapata la kuandika."

"Lakini Daktari, huyo msichana anajituma."

"Kujituma si matokeo, Odhiambo. Mimi nilijituma miaka mingi nikitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Sitaki apitie hiyo barabara. Ile RNA tutaiweka kwenye friza, basi."

Nikijitazama leo, naona kwamba mwanamke yule alikuwa ananihurumia, na kwamba hakuna hata neno moja alilosema lililokuwa baya. Lakini siku ile nilisikia jambo moja tu: Mpangaji atawekwa kwenye friza na hakuna atakayeuliza habari zake tena. Sikuogopa mtama. Mtama una heshima yake, na kazi ile baadaye ilimpa mwenzangu mwingine digrii yake. Nilichoshindwa kukubali ni kwamba seli, ambayo haina chakula cha kupoteza, ingetengeneza kitu kile kila siku ya maisha yake bure tu. Nami nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba nusu ya mambo yanayopita kichwani mwangu hayana kazi. Labda ndiyo sababu nilikuwa upande wa Mpangaji. Nilirudi kwenye meza yangu, nikapanda sahani nyingine.

Alasiri moja ya mwezi wa nane mvua ilikuja ghafla kutoka upande wa Molo, mabati yakaanza kupiga kelele, na stima ikapotea. Haikurudi jioni, wala asubuhi. Tulipofika, Odhiambo alikuwa tayari kwenye pipa, kofia kifuani. Wenzangu walitupa zao. Mimi nilitoa zangu kwenye inkubeta iliyopoa nikafika kwenye pipa, na hapo mkono ukakataa. Nilikuwa nawaza: na kama hizi ndizo? Na kama kati ya sahani zote nilizopanda, hizi ndizo zilizokuwa zionyeshe kitu, halafu mimi ndiye niliyezitupa?

"Wee, foleni inasonga," Odhiambo alisema. "Mazishi hayana rehearsal."

Nikageuka, nikaenda na sahani zangu hadi mlangoni kwa Daktari Jerono. "Daktari, naomba nisitupe hizi. Nitapanda nyingine za kazi yenyewe. Hizi nitaziweka pale dirishani tu, niziangalie."

Alinitazama juu ya miwani. "Utaangalia nini? Zimepoa."

"Sijui."

"Hazitaingia kwenye matokeo."

"Hazitaingia."

"Sawa."

Hiyo "sawa" niliipima siku nzima. Ilikuwa sawa ya kukubali, au ya kuchoka, au ya mtu ambaye ameshaamua na haoni haja ya kubishana? Sahani zikakaa kwenye rafu, chini ya kioo chenye ufa. Stima iliporudi, nilizirudisha kwenye joto, kwa sababu nilifikiri kwamba kama mimi ningekaa kwenye baridi ile, ningetaka kurudishwa kwenye joto. Sikuwa na sababu ya kisayansi zaidi ya hiyo.

Nilipozitoa tena, safu ya juu ilikuwa imeinuka, matone yamejaa na kung'aa kama vitumbua vidogo. Safu ya chini ilikuwa pale pale nilipoiacha, utando mwembamba usio na nguvu. Nilikaa chini. Jambo la kwanza nililowaza ni kwamba nimekosea. Pengine safu ya chini ilikuwa karibu zaidi na ufa wa kioo. Pengine niliipanda hamira iliyochoka. Nikapanda upya, nikageuza sahani ili safu ya juu iwe chini, nikasubiri stima ipotee, na Nakuru mwaka ule hukuhitaji kusubiri sana. Kila ilipopotea, wenzangu walienda kwenye pipa na mimi nikaenda dirishani. Na kila iliporudi, hamira ya kawaida iliamka na kuendelea na maisha, na ile isiyo na Mpangaji ilibaki imeduwaa, kama mtu aliyeamshwa asijue yuko nyumba gani.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho bado kinanisisimua. Tulikuwa tumemtafuta Mpangaji wakati seli zimeshiba na zina joto, wakati hana la kufanya. Kazi yake ilikuja baada ya baridi, wakati wa kuanza upya. Na kila alipoifanya, sisi tulikuwa tunatii karatasi iliyo ukutani na kumtupa kwenye pipa. Kwa miaka.

Nilimwambia Daktari Jerono siku hiyo hiyo, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi chooni. Alikuja kwenye rafu, akainua sahani moja hadi kwenye mwanga, akaishusha, akainua nyingine. Hakutabasamu. "Nani amezipanda?"

"Mimi."

"Nani amezisoma?"

"Mimi."

"Basi bado hatuna kitu. Mtu akitaka sana kuona, ataona. Odhiambo atapanda, ataficha majina, wewe utasoma. Na hatungoji stima ipotee. Tutaizima."

"Daktari," Odhiambo alisema, "mwaka mzima tumelia stima imepotea, leo tunaizima kwa mkono wetu?"

"Zima."

Odhiambo alifanya kazi ile kwa uaminifu wa mtu anayetaka kukuona ukianguka kwa haki. Alipanda mwenyewe, kila sahani aina moja tu, akabandika karatasi juu ya kila jina, akazima, akazipeleka dirishani, akazirudisha kwenye joto. Asubuhi ya kusoma, Daktari Jerono aliketi na kikombe chake cha chai, nami nikagawa sahani mafungu mawili juu ya meza. Hili limeamka, hili halijaamka. Zilikwenda vizuri hadi nikafika kwenye moja ambayo haikuwa huku wala kule. Matone yalikuwa yameinuka, lakini si kama ya fungu la kwanza. Niliigeuza, nikaiweka kulia, nikaitoa, nikaiweka katikati.

"Chagua," Odhiambo alisema.

"Hii siwezi."

"Mafungu ni mawili, boss. Chagua moja."

Nilijua nikisema sijui nitaonekana siamini kazi yangu, mbele ya mtu aliyekuwa anafikiria kunihamisha. Niliitazama tena. "Haifanani na hizi, na haifanani na zile. Nikichagua nitakuwa nabahatisha. Iache katikati."

Odhiambo akaanza kubandua karatasi. Fungu la kwanza: kawaida, kawaida, kawaida, hadi mwisho. La pili: bila Mpangaji, bila Mpangaji, na kadiri alivyoendelea alikuwa anaacha kutania, hadi ikasikika tu sauti ya gundi ikiachia. Mwisho akachukua ile ya katikati. Alinitazama kabla ya kuibandua.

"Hii nilichanganya zote mbili," alisema. "Nilitaka nione kama utadanganya."

Daktari Jerono aliweka kikombe chini na kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Alicheka hadi akavua miwani, na Odhiambo akanipa mkono wake wenye glavu kama watu wanaokutana kwa mara ya kwanza. "Mpangaji amelipa," alisema. "Na deni za nyuma."

Lakini haikuishia hapo, na hili ndilo ninalojivunia zaidi, kwamba hatukuharakisha. "Umeonyesha kwamba asipokuwepo kunaharibika," Daktari aliniambia akishaacha kucheka. "Sasa mrudishe, uone kama kunatengenezeka. Na usimrudishe kwenye chumba chake. Mpe kingine, mbali, tujue ni yeye mwenyewe na si majirani zake." Muhula uliisha na hakuna aliyetaja mtama. Nilimaliza mwaka nikimtafutia Mpangaji chumba kipya kwenye DNA ya hamira ile, nikashindwa, nikarudia, nikashindwa tena. Nilipofaulu, nikazima inkubeta na kuiwasha tena, kisha asubuhi ya kusoma nikafika kabla ya wote. Safu ya chini ilikuwa imeinuka kama ya juu. Nilikwenda chumba cha chai, nikajimiminia kikombe, nikakaa upande wangu wa plaiwudi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na wazo lolote.

Hadi leo hatujui kila kitu kuhusu anavyoifanya kazi yake. Wapo wanaoendelea na swali hilo. Tunachojua ni kwamba seli iliyopoa humhitaji ili ianze tena vizuri. Tulipoenda kuieleza kazi hiyo kwenye mkutano, mgeni mmoja aliuliza ni nini kilitupa wazo la kujaribu baridi. Daktari Jerono alijibu kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi: "Stima ilipotea." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha kwa kidole na kusema, "Sisi wengine tulitupa. Huyu hakutupa."

Jumamosi ile ya kumuaga Prof nilifika mapema mno, nikazunguka nje ya jengo hadi nikaona wengine wanaingia. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi, kioo chenye ufa kilikuwa kimebadilishwa, plaiwudi ilikuwa ile ile. Kulikuwa na nyama, mukimo, na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachuka, kilicholetwa na ndugu za Prof kutoka Keringet. Nywele za Prof zilikuwa nyeupe kabisa. Alinikumbatia akaniuliza, "Bado unawaza sana?" Nikasema ndiyo. "Vizuri," akasema, akaenda kwa mgeni mwingine, nami nikaanza kulichambua neno hilo, kisha nikajizuia. Odhiambo, ambaye sasa ni Daktari na ana tumbo la kuthibitisha, alisimama kutoa hotuba. Alikuwa amefika kwenye utani wake wa pili wakati mvua ilipoanza juu ya mabati, na stima ikapotea.

Wageni waliguna na kucheka. Lakini wanafunzi wawili waliokuwa wamesimama karibu na inkubeta hawakucheka. Mmoja aliweka sahani yake ya nyama chini, akafungua mlango wa kabati na kuanza kutoa sahani za hamira, akimpa mwenzake.

"Nazipeleka wapi?" mwenzake aliuliza. Alikuwa msichana, na alionekana mgeni pale.

"Nusu tutatupa. Hizi zingine peleka kwa Muthoni."

"Kwa nani?"

"Kwa Muthoni. Si hapo dirishani?"

"Muthoni ndiye nani?"

"Sijui, boss. Rafu inaitwa hivyo. Peleka tu, zipoe vizuri."

Msichana alikuja upande wangu, sahani zimepangana mikononi hadi kidevuni, akitafuta njia kati ya wageni. Nilikuwa nimesimama mbele ya rafu ile bila kujua. "Samahani, madam," alisema. Nilisogea, akaziweka chini ya dirisha moja moja, kwa uangalifu, majina yakitazama juu.